Neno "File" na Jamaa Zake

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mliorithi madawati yetu,

Nimeombwa niandike machache ya historia katika gazeti letu hili. Kwa kuwa kazi yangu ni ya ofisini, na siku haipiti bila kushika jalada, nimechagua neno dogo la Kiingereza ambalo kila mmoja wetu analijua, au anadhani analijua. Neno hilo ni "file". Lina herufi nne tu, lakini ndani yake wanaishi watu wasio wa ukoo mmoja.

Wa kwanza ni tupa, kile chuma chenye meno ambacho fundi hunolea msumeno. Huyu ni mwenyeji wa siku nyingi. Alifika Uingereza pamoja na makabila ya Kijerumani yaliyohamia huko kuanzia karne ya 5. Ndugu zake wangali ng'ambo ya pili: Wajerumani husema "Feile", na Waholanzi "vijl".

Wa pili ana asili nyingine kabisa. Warumi waliuita uzi "filum", na neno hilo likarithiwa na Wafaransa. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama kwa muda mrefu, na hata baadaye maneno yake hayakuacha kuvuka bahari. Makarani wa zama zile walikuwa wakitoboa karatasi na kuzitunga katika uzi au waya, kama mtu atungavyo shanga. Kutunga huko ndiko kulikoitwa "file", na kufikia karne ya 16 jina lilikuwa limekwisha shika uzi wenyewe pamoja na karatasi zake. Ndiyo kusema, faili la leo ndani ya kompyuta, lisilo na karatasi wala kamba, bado linaitwa kwa jina la uzi.

Wa tatu ni mstari wa askari wanaofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Huyu ni ndugu wa damu wa yule wa pili, maana watu waliojipanga hivyo hufanana na uzi ulionyooshwa. Wa nne amekwisha zeeka: ni "file" ya kuchafua, iliyotokana na Kiingereza cha kale. Shakespeare aliitumia katika tamthilia ya Macbeth, na katika tamthilia hiyohiyo akatumia "file" nyingine kwa maana ya orodha.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi tuna tupa ya fundi, na tunatupa takataka. Jalada letu nalo lina asili ya Kiarabu, ambako "jild" ni ngozi, kwa kuwa vitabu vilifunikwa kwa ngozi. Wenzetu waliangalia kilichofunga karatasi, sisi tukaangalia kilichozifunika.

Pengine msomaji atauliza faida ya haya yote. Faida ipo. Neno hilo likiwa tendo lina nyuso mbili. Mwananchi akilifanya, amewasilisha ombi lake, na jambo limeanza. Karani akilifanya, ameihifadhi barua, na aghalabu jambo limekwisha. Namjua mzee mmoja mstaafu aliyepokea barua ya Kiingereza kwamba ombi lake la mafao lilikuwa "filed". Mjukuu wake wa sekondari akamfasiria kwamba limewekwa kabatini. Mzee akakata tamaa, akakaa miezi mingi bila kufuatilia. Kumbe ombi lilikuwa limepokelewa, nalo likingoja nakala ya cheti kimoja tu.

Kijana yule hakupingana na kamusi. Aliishika maana moja akaiacha nyingine. Lakini lawama kubwa ni ya mwandishi wa barua. Serikali ya Tanzania iliagiza mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. "Ombi lako limepokelewa" ni maneno matatu tu, na mzee yule angeyaelewa bila mkalimani.

Basi vijana, mkikutana na neno la kigeni msiulize maana yake tu. Ulizeni pia limetoka wapi, nani analisema, na anamwambia nani. Nasi tuliokalia viti vya ofisi, kabla hatujatia sahihi, tukumbuke kwamba mwisho wa uzi ule yuko mtu anayesubiri.