Lafudhi na Heshima ya Mtu

Watu wengi hudhani kwamba kipo Kiingereza kimoja safi, na kwamba sisi tuliojifunza lugha hiyo ukubwani tunakiharibu. Historia haikubaliani na dhana hiyo.

Mwaka 1761 Thomas Sheridan, mwigizaji mzaliwa wa Ireland, alifika Edinburgh kuwafundisha mabwana wa Uskoti kutamka Kiingereza kama watu wa heshima wa London. Hebu fikiri, msomaji: Mwairishi akiwafundisha Waskoti kusema kama Waingereza! Si kwamba Waskoti hao hawakuwa wakielewana. Tangu muungano wa 1707 bunge lilikuwa London, na vyeo vilikuwa huko. Walikuwa wakitafuta mlango wa kuingilia.

Mwaka 1917 Daniel Jones wa London alichapisha kamusi ya matamshi. Aliyoyaandika humo ni matamshi ya familia za kusini mwa Uingereza ambazo wana wao walisoma katika shule kubwa za bweni. Yeye hakutaka kumlazimisha mtu, lakini walimu wengi waliigeuza kamusi yake kuwa sheria. Mwaka 1926 BBC nayo iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji juu ya matamshi. Ndipo mwaka 1941 Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax, aliposoma habari kwa lafudhi ya kwao Yorkshire, wasikilizaji wakalalamika. Naye alikuwa Mwingereza hasa!

Darasani kwetu alikuwako mwenzetu aliyechanganya r na l. Alichekwa mpaka akaacha kunyoosha mkono, na hata mwalimu alicheka. Lakini majibu yake yalikuwa sahihi, na sote tulikuwa tumeyaelewa.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walionyesha kwamba msemaji anaweza kuwa na lafudhi nzito ya kigeni na bado akaeleweka vizuri kabisa. Kwa hiyo lafudhi ni jambo moja, na kutoeleweka ni jambo jingine.

Hii haina maana kwamba tusijifunze. Kiswahili kina irabu tano tu, na mkazo wake kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na mkazo wake huhamahama. Asiyetofautisha ship, yaani meli, na sheep, yaani kondoo, anaweza kumpoteza msikilizaji. Hapo mazoezi yanafaa: sikiliza kwanza, kisha rudia kwa sauti, siku baada ya siku.

Lakini mwanafunzi anaponyoosha mkono na kusema, mwalimu na ajiulize kwanza: je, nimemwelewa? Kama amemwelewa, amjibu. Kicheko hakijamnyoosha mtu ulimi. Humfunga mdomo tu.