Kompyuta Kuukuu, Mfumo Mpya: Kiswahili katika Historia ya Programu Huria

1.0 Utangulizi

Feni, diski kuu na betri ndogo ya saa ni vipuri vinavyochakaa katika kompyuta ya mezani. Hata hivyo, mara nyingi mashine hupelekwa stoo ilhali vipuri hivyo bado ni vizima. Kilichofikia kikomo ni mfumo wa uendeshaji: mtengenezaji wake ameacha kuutolea masahihisho ya usalama, na toleo linalofuata linahitaji kumbukumbu na prosesa ambazo mashine hiyo haina. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilifikia hatima hiyo Aprili 8, 2014. Windows 10 ilifuata Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 inahitaji kijenzi cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Makala haya yanatoa hoja kwamba historia ya kuzihuisha mashine hizo kwa mfumo mwingine ni historia ya haki ya kurekebisha msimbo wa programu, na kwamba haki hiyohiyo ilikifungulia Kiswahili mlango.

2.0 Haki ya Kurekebisha

Mwaka 1983, Richard Stallman alitangaza nchini Marekani mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo ambao mtumiaji angekuwa huru kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux alichokiandika kwenye kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386. Mwaka uliofuata, kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GNU.

Leseni hiyo ndiyo iliyowezesha uhuishaji. Kwa kuwa kila sehemu ya mfumo iliweza kuondolewa au kubadilishwa, waliofuata waliunda matoleo mepesi, wakitumia mazingira ya eneokazi kama Xfce yasiyokula kumbukumbu nyingi. Mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, ulikwenda mbali zaidi: kompyuta moja yenye nguvu hufanya kazi yote, na zile kuukuu, hata zisizo na diski kuu, hutumika kama skrini na kibodi tu. Mpangilio huo uliifaa maabara ya shule yenye bajeti finyu.

3.0 Kiswahili na Msimbo Wazi

Haki ya kuondoa kilicho kizito ilikuwa pia haki ya kubadili lugha. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Tofauti ilikuwa katika umiliki: tafsiri ya kampuni ilifungwa na toleo lake na maamuzi ya kampuni, ilhali ya programu huria iliweza kuendelezwa na yeyote.

Hata hivyo, ruhusa pekee haikutosha. Kila toleo jipya la programu huja na menyu na ujumbe mpya. Wafasiri wanapotawanyika, sehemu hizo hubaki kwa Kiingereza, na mtumiaji hukuta skrini yenye lugha mbili. Tatizo la istilahi lilizidisha ugumu. Kifaa kimoja kimeitwa kompyuta kwa utohozi, tarakilishi, hasa nchini Kenya, na ngamizi nchini Tanzania, neno lililolaumiwa kwa kukaribiana na angamiza. Mwanafunzi aliyefundishwa istilahi moja darasani aliweza kukuta nyingine kwenye mashine.

4.0 Hitimisho

Mashine iliyohuishwa huhitaji masahihisho kila mara. Tafsiri iliyomo ndani yake pia. Miradi ya mwanzo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kiolesura kizima. Kilichokosekana ni taasisi ya kuitunza kazi hiyo baada ya ufadhili kwisha. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, zingeweza kuifanya tafsiri ya programu huria kuwa sehemu ya kudumu ya mafunzo ya tafsiri na istilahi. Bila hivyo, shule itakayohuisha kompyuta zake kwa mfumo mwingine itapata mashine zinazofanya kazi, lakini wanafunzi wake wataendelea kuzitumia kwa Kiingereza.