Risasi, Shaba na Kiasi

Taarifa za polisi kuhusu silaha zilizokamatwa zina mtindo wake, na msomaji wa magazeti ya Tanzania anaujua: bunduki moja aina ya SMG, magazini moja, risasi kadhaa, maganda kadhaa ya risasi. Katika orodha hiyo fupi neno risasi limetajwa mara mbili kwa vitu viwili. Risasi ya kwanza ni nzima, ina baruti ndani, inangoja kufyatuliwa. Ya pili imekwisha kwenda, limebaki ganda. Endelea kusoma. Majeruhi ametolewa risasi begani, yaani kipande cha madini kilichoruka kutoka mtutuni. Shuhuda naye alisikia risasi tatu, yaani milio.

Mwandishi wa habari anaweza kuishi na hali hiyo, kwa kuwa muktadha humwokoa. Asiyeokoka ni mtu mwenye leseni, aliyeweka bunduki nyumbani kwa ajili ya kujilinda, na anayetaka kujua anunue risasi za namna gani na azihifadhi wapi. Mfikirie mfanyabiashara wa Mchafukoge, kata ya Dar es Salaam inayopakana na Kariakoo, ambako mauzo ya siku huhesabiwa usiku kwenye chumba kilicho juu ya duka, na ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Akiuliza kwa Kiswahili, mara nyingi atajibiwa kwa Kiingereza, na sababu atakayopewa ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Nakataa. Maneno yapo. Yametawanyika: mengine yako kwa wawindaji, mengine kwenye kamusi za zamani, mengine midomoni mwa vijana wa mitaani ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Risasi ilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu cha bunduki. Tuliipata kutoka Kiarabu, na maana ya kwanza bado i hai. Mafundi wa betri za magari wanaijua, na mtoto wa shule huitamka kila anapotafuta kalamu ya risasi, ingawa ndani ya kalamu ile hamna risasi bali grafiti. Madini haya yalipendwa kwa sababu ni mazito na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia. Watu waliyayeyusha, wakayamimina kwenye kalibu, wakapata risasi.

Hapo kwenye kalibu pana mkasa mzuri. Kalibu ni jina letu la siku nyingi la chombo cha kumiminia madini ili yapate umbo, na asili yake ni Kiarabu. Neno hilohilo la Kiarabu lilivuka bahari hadi Ulaya, likawa jina la upana wa mtutu na wa risasi, kisha likaturudia kwa mlango mwingine likiitwa kaliba. Kalibu na kaliba ni neno moja lililopita njia mbili, na mnunuzi wa risasi anapaswa kuanzia hapo. Kaliba ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Waingereza hapa Afrika Mashariki, ni sehemu ya inchi, karibu milimita 7.7. Kaliba ya 7.62 ni milimita. Lakini upana peke yake hautoshi. Risasi ya 7.62 kwa 39 na ile ya 7.62 kwa 51 ni vitu viwili visivyobadilishana, kwa maana namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Kilichoandikwa kwenye mtutu na kilichoandikwa kwenye boksi la risasi lazima vilingane kwa ukamilifu. Anayesema tu “nipe za 7.62” hajamaliza kusema.

Sasa lichukue neno bunduki lenyewe. Kwa Waarabu, bunduq ilikuwa aina ya kokwa linaloliwa, kisha likawa jina la kijiwe cha mviringo cha kurushwa, na mwishowe jina likahamia kwenye chombo kinachorusha. Maana yake ni kwamba bunduki ilikuwa jina la risasi kabla ya kuwa jina la chombo. Karne nyingi baadaye kijana wa mjini, bila kufungua kitabu chochote cha historia ya maneno, anasema fulani “alimiminiwa njugu”. Amerudi palepale, kwenye kokwa. Kila nikilifikiria hilo nazidi kuwaheshimu watu wa mitaani kama waundaji wa istilahi.

Vijana haohao husema pia “kula shaba”, na neno hili ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mada yetu. Risasi ya kisasa ya raifali, yaani bunduki yenye mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, haiwezi kuwa risasi tupu. Inatoka kwa mwendo unaozidi mara mbili mwendo wa sauti, na madini laini yakikwaruza mifuo kwa mwendo huo huacha uchafu mtutuni. Kwa hiyo moyo wa risasi huvikwa gamba la shaba. Ganda linaloshika baruti nalo kwa kawaida ni la shaba ya njano. Lugha sanifu ikachukua jina la moyo, lugha ya mitaani ikachukua jina la vazi. Ukiziunganisha una istilahi mbili zinazomfaa mnunuzi: kuna risasi iliyovikwa shaba yote hadi puani, na kuna risasi ya kichwa wazi, ambayo shaba yake imeishia chini ya ncha ili ncha ipanuke inapogonga. Nimechagua “kichwa wazi” kwa sababu ndivyo tunavyomwita mtu asiyevaa kofia, na kila anayesikia ataelewa bila mwalimu.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazopanuka zisitumiwe vitani, na ndiyo maana majeshi hutumia zilizovikwa. Wawindaji huchagua za kichwa wazi ili mnyama afe upesi asiteseke. Kwa nyumbani swali kubwa ni lingine: risasi itaishia wapi? Iliyovikwa hupenya zaidi. Lakini risasi ya raifali, iwe ya kichwa wazi au iliyovikwa, inaweza kuvuka mlango wa mbao, dirisha, dari na kuta nyembamba za kugawia vyumba ikiwa bado na nguvu ya kuua. Katika Mchafukoge, upande wa pili wa ukuta kuna familia imelala. Hukumu yangu ni kwamba raifali si silaha ya kulindia nyumba ya ghorofa mjini, na hakuna boksi la risasi litakaloibadilisha kuwa hivyo.

Bado hatujapata jina la kitu kizima, yaani risasi pamoja na ganda na baruti yake. Kamusi za zamani za Kiswahili zilikuwa nalo: kiasi cha bunduki. Lilizaliwa wakati wa gobore, ambapo mpigaji alipima baruti, akaishindilia mtutuni, kisha akashindilia risasi au marisau, zile risasi ndogondogo za kupigia ndege. Kilipokuja kitu chenye baruti iliyokwisha kupimwa kiwandani, wazee walikiita kwa kile kilichokuwa kimewapunguzia kazi, yaani kipimo. Sehemu zake nazo zilikuwa na majina. Fataki ndiyo inayowasha, baruti ndiyo inayosukuma, ganda ndilo linalobeba, risasi ndiyo inayokwenda. Maneno manne, na yote Mswahili anayajua tayari, hata kama fataki leo anaisikia zaidi mwaka mpya. Baruti peke yake inahitaji uangalifu, maana tunaiita hivyo hata ile ya kupasulia miamba machimboni. Hata ya bunduki si moja: katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali walipo.

Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mapigano ya Tanga yalikuwa sehemu yake, ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Askari wa shaba aliyesimama katikati ya jiji tangu 1927 ameshika bunduki yenye singe. Wapagazi waliobeba makasha ya vyakula na risasi hawakupewa sanamu kubwa kama yake, bali walipata maneno kwenye nguzo yake na jina la soko. Kuhifadhi na kuhamisha risasi si jambo geni katika mitaa hii.

Na kuhifadhi ndilo neno lenyewe. Watu wengi wenye silaha huficha, hawahifadhi. Kuficha ni kuweka chini ya godoro, nyuma ya magunia, juu ya kabati, kwa kumfikiria mwizi tu. Kuhifadhi kunamfikiria pia mtoto wa nyumbani, mgeni, unyevu wa pwani na moto. Risasi hutaka mahali pakavu pasipo na joto kali, ndani ya boksi lake lenye namba, kwenye kasha la chuma lililofungwa, mbali na bunduki, na ufunguo uwe kwa mwenye leseni peke yake. Chumvi na unyevu wa Dar es Salaam hulitia ganda kutu ya kijani. Ganda la namna hiyo lisipigwe, lipelekwe polisi. Kuhusu moto, soko la Kariakoo lenyewe liliungua Julai 2021. Risasi ikifikiwa na moto hupasuka ganda bila ya kuwa ndani ya bunduki, na vipande vyake vinaweza kumjeruhi mzimamoto.

Jiji hili halihitaji kuhadithiwa maana ya ghala la silaha. Tarehe 29 Aprili 2009 liliripuka la jeshi Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Yale yalikuwa mabomu ya kivita, na kasha la risasi la nyumbani haliwezi kufanya vile, lakini watu walijifunza kwamba kitu kilichowekwa kumbe kinaweza kuondoka chenyewe. Magazini, neno ambalo leo ni la kikasha cha bunduki kinachobeba risasi, lina mzizi mmoja na hazina yetu, na mzizi huo maana yake ni kuweka akiba kwa uangalizi.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi, na mara kwa mara polisi hutangaza muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali. Matangazo hayo huandikwa kwa Kiswahili na hueleweka. Masharti ya utunzaji anayopewa mwenye leseni yanastahili lugha ya wazi kiasi hichohicho. Nawaomba Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wataalamu wa Jeshi la Polisi wakae meza moja, watoe kijitabu chembamba cha Kiswahili kinachotenganisha kiasi, ganda, fataki, baruti na risasi, kieleze kaliba, risasi iliyovikwa na ya kichwa wazi, kisha kiseme namna ya kuhifadhi. Na wewe mwenye leseni, kabla kijitabu hicho hakijatoka, fungua kasha lako leo, soma namba zilizo kwenye boksi na zilizo kwenye mtutu, na uhakikishe ufunguo uko nawe.