Kuhesabiwa Si Kusikilizwa

Tarehe 27 Mei, 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Australia walikubali Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wajumlishwe katika hesabu ya watu wa taifa. Huruma ilikuwapo, heshima ilichelewa. Mwaka 2007, kwa hoja ya kuwalinda watoto, Serikali ilipeleka askari katika vijiji vyao vya Northern Territory, na hatua hizo zikaepushwa na sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi. Wenyewe hawakushauriwa. Na tarehe 14 Oktoba, 2023, pendekezo la kuwapa wenyeji chombo cha kulishauri Bunge lilikataliwa na asilimia 60 hivi ya wapiga kura. Umaskini wa mtu hauondolewi kwa kumziba mdomo.