Makro na Mikato ya Kibodi: Urithi wa Karani Uliosahauliwa

Januari 1983 ilileta hadharani, nchini Marekani, vitu viwili ambavyo mpaka leo vinatawala meza za ofisi kote duniani. Tarehe 19 kampuni ya Apple ilitangaza kompyuta ya Lisa, ambayo mtumiaji wake aliweza kukata, kunakili, kubandika na kutendua maandishi kwa kubonyeza kitufe kimoja maalumu pamoja na herufi X, C, V au Z. Wiki moja baadaye, tarehe 26, kampuni ya Lotus ilianza kuuza 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyomwezesha mhasibu kuandika hatua za kazi yake ndani ya seli, kuzipa jina la herufi moja, kisha kuziendesha zote kwa kubonyeza Alt na herufi hiyo. Cha kwanza ni mkato wa kibodi, yaani amri inayotolewa kwa vitufe vichache badala ya kutafutwa kwenye menyu. Cha pili ni makro, yaani mfululizo wa hatua ambao kompyuta huuhifadhi na kuurudia kila inapoagizwa. Historia ya vitu hivi huelezwa kana kwamba ni ya mafundi na wataalamu peke yao. Ushahidi unaonyesha vingine. Sehemu kubwa ya historia hii ni ya makarani, wahariri, wahasibu na watu wasioona, na kuwaacha wafanyakazi wa leo bila maarifa haya ni kuwanyima mali iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Ni kweli kwamba makro zilianzia kwa waandishi wa programu. Katika miaka ya 1950 walichoshwa na kuandika maagizo yaleyale mara kwa mara, wakabuni namna ya kuyapa maagizo mengi jina moja fupi, na kufikia mwaka 1960 Douglas McIlroy wa Bell Labs alikuwa amechapisha makala iliyoeleza jinsi mbinu hiyo inavyoweza kupanua lugha za kompyuta. Katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, watumiaji wa programu ya kuhariri iliyoitwa TECO walijitungia makro nyingi, kila mtu za kwake, hata mmoja akikalia kiti cha mwenzake hakuweza kufanya kazi. Mwaka 1976 Guy Steele na Richard Stallman walishiriki kuzikusanya na kuzipatanisha, na matokeo yake yakawa Emacs, programu inayotumika hadi sasa. Lakini tukio lenye uzito zaidi lilitokea muda mfupi baadaye. Mwaka 1978 Bernard Greenberg aliiandika Emacs upya kwa ajili ya mfumo wa Multics, na Stallman amesimulia kwamba makatibu muhtasari wa ofisi ya Greenberg walianza kujiundia amri zao wenyewe. Walipewa kitabu cha maelekezo kilichofundisha jinsi ya kuipanua programu hiyo, lakini hakikutaja popote kwamba huko ndiko kuandika programu. Watu walioamini kwamba kazi hiyo hawaiwezi waliifanya, kwa sababu tu hakuna aliyewatisha kwa jina lake. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu: kilichomtenga karani na mashine yake kilikuwa woga aliopandikizwa, wala si upungufu wa akili.

Mikato ya kunakili na kubandika nayo haikutoka kwenye mawazo ya mafundi waliojifungia chumbani. Katikati ya miaka ya 1970 Tim Mott na Larry Tesler walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Walengwa walikuwa wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya shule iliyomilikiwa na Xerox. Badala ya kuwaletea wahariri hao programu iliyokwisha kuamuliwa, watengenezaji walichunguza kwanza jinsi kazi yao inavyokwenda: karatasi inakatwa kwa mkasi, kipande kinahamishwa, kinagundishwa mahali pengine. Kukata na kubandika kwa kompyuta kulichukua umbo la kazi ambayo wahariri waliifanya tayari kwa mikono. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, akafika huko na mawazo hayo, na ndiyo yaliyojitokeza kwenye Lisa. Ukiitazama kibodi ya kawaida utaziona Z, X, C na V zimefuatana kwenye safu ya chini upande wa kushoto, mahali ambapo vidole vya mkono wa kushoto vinazifikia huku mkono wa kulia umeshika kipanya. Mpangilio huo umedumu kwa zaidi ya miaka 40 kwa sababu unalingana na mwili wa mtu anayefanya kazi.

Kwa wahasibu, Lotus ilikwenda mbali zaidi. Kuhifadhi faili katika 1-2-3 kulihitaji kubonyeza alama ya mkwaju ili menyu ifunguke, kisha F ya faili, S ya kuhifadhi, kitufe cha kuthibitisha, na R ya kuandika juu ya faili la zamani. Aliyetaka kompyuta ifanye hayo yenyewe aliandika ndani ya seli herufi zilezile ambazo vidole vyake vilikuwa vikizibonyeza kila siku, na kwa kuthibitisha aliweka alama ya wimbi. Hakujifunza lugha ngeni. Aliandika kumbukumbu ya mikono yake, na kumbukumbu hiyo ikawa programu. Kadiri alivyozoea aliongeza masharti na marudio, mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zikawa zinajipanga kwa kubonyeza vitufe viwili. Ngazi hii ya kupanda polepole, kutoka kurudia tendo hadi kulifikiria tendo, ndiyo shule bora ya kompyuta ambayo ofisi zimewahi kuwa nayo. Microsoft ilipoingiza lugha ya kuandikia makro ya VBA ndani ya lahajedwali yake ya Excel mwaka 1993 iliongeza nguvu kubwa, na ikabakiza kitufe cha kurekodi: mtumiaji anafanya kazi yake mara moja, kompyuta inaandika kila hatua, na yeye anaweza kuyasoma maandishi hayo na kuyarekebisha.

Je, faida yake inapimika? Inapimika, tena ilipimwa zamani. Mwaka 1980 watafiti Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha kanuni ya kukadiria muda ambao mtumiaji mzoefu huchukua kutekeleza amri. Walikadiria kwamba mpiga chapa mwenye ujuzi wa wastani hutumia sekunde 0.2 kwa kila kitufe, sekunde 1.1 kukifikisha kielekezi mahali panapotakiwa, na sekunde 0.4 kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya. Tuchukue kunakili neno kwa njia ya menyu: mkono unahama, kielekezi kinatafuta menyu, kidole kinabofya, kielekezi kinatafuta amri, kidole kinabofya tena, mkono unarudi. Jumla ni takribani sekunde 3.4. Kwa Ctrl na C ni sekunde 0.4. Tofauti ya sekunde 3 haionekani kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba: anayetoa amri kama hiyo mara 200 kwa siku amepoteza dakika 10, na hapo hatujahesabu mawazo yanayokatika kila mara jicho linapoiacha sentensi kwenda kutafuta menyu.

Wapo wanaoipinga hesabu hii, na hoja yao inastahili jibu. Mwaka 1989 Bruce Tognazzini, mbunifu mashuhuri wa Apple, aliandika kwamba majaribio ya kampuni hiyo yalionyesha kipanya kinaishinda kibodi kwa kasi, ingawa watumiaji wenyewe walihisi kinyume chake. Alieleza kwamba mtu hutumia kama sekunde mbili kukumbuka ni vitufe gani abonyeze, na muda huo hausikii ukipita kwa sababu akili yake ina shughuli. Maelezo hayo yana ukweli kwa mkato ambao mtu bado anaukumbuka kwa kujilazimisha. Hayana ukweli kwa ule ulioingia vidoleni. Mwandishi anayebonyeza Ctrl na Z hafikirii herufi Z, kama vile asivyoifikiria anapoandika neno lenye herufi hiyo. Mwaka 2005 David Lane na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watumiaji 251 wazoefu wa Word. Ulionyesha kwamba mikato ya kibodi ndiyo njia yenye kasi zaidi, na papo hapo ukaonyesha kwamba wengi wa wazoefu hao waliitumia kwa nadra, wakashikamana na vitufe vya picha juu ya skrini. Kwa hiyo miaka mingi mbele ya kompyuta haimfundishi mtu mikato. Lazima afundishwe. Wala hakuna haja ya kukigombanisha kipanya na kibodi: Douglas Engelbart, aliyekibuni kipanya, alipokionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, mkono wake wa kulia ulishika kipanya na wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa cha vitufe vitano cha kutolea amri. Tangu mwanzo viwili hivyo vilikusudiwa kusaidiana.

Upo upinzani mwingine: kwamba mikato ni mingi, inatofautiana kati ya programu na programu, na hakuna awezaye kuikariri yote. Zamani malalamiko hayo yalikuwa ya haki kabisa. Watumiaji wa programu ya kuandikia ya WordPerfect walihitaji ukanda wenye maelezo uliowekwa juu ya vitufe vya F ili wakumbuke kila kimoja kinafanya nini, na katika programu hiyo msaada uliitwa kwa F3. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilichapisha kanuni za pamoja zilizosaidia kuzoesha dunia F1 kwa msaada na Alt na F4 kwa kufunga dirisha. Baadaye Windows ikazipokea Z, X, C na V zilizotoka Apple. Leo mtu akijua mikato kumi ya msingi, pamoja na kuhifadhi, kutafuta, kuchapa, kuchagua yote na kuhama dirisha, anaweza kuitumia karibu kila programu ya ofisi atakayokutana nayo.

Tena wapo watu ambao kwao jambo hili halihusu dakika wanazookoa. Asiyeona hawezi kukiongoza kielekezi asichokiona. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya mwaka 1978, alishiriki kuanzisha kampuni iliyotoa JAWS mwaka 1989, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini na kumwezesha mtumiaji kutoa kila amri kwa vitufe. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kutengeneza NVDA, inayotolewa bure. Mtengenezaji wa programu au tovuti anayesahau kuweka njia ya kibodi anawafungia mlango watu hawa. Wengine wote tunanufaika na njia ambayo kwao ni sharti la kupata elimu na ajira.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, nalo halipaswi kupuuzwa. Makro inayoweza kupanga hesabu inaweza pia kuharibu. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilisambaa kupitia hati za Word, na tarehe 26 Machi 1999 kikaja Melissa, kilichojituma kwa barua pepe kwenda kwenye anwani 50 za kwanza katika orodha ya kila aliyekifungua. Mtengenezaji wake, David L. Smith, alihukumiwa kifungo cha miezi 20 mwaka 2002. Ilipofika mwaka 2022, Microsoft ilianza kuzizuia makro zilizomo katika faili zinazotoka kwenye intaneti. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini somo la Melissa ni kutofungua makro usiyoijua ilikotoka, na anayeweza kuheshimu onyo hilo kwa akili ni yule anayejua makro ni nini. Hatari nyingine ni ya mtu mwenyewe: makro yenye kosa hulirudia kosa hilo kwa kasi ileile, na katika Excel kazi iliyofanywa na makro ya VBA kwa kawaida haitenduliki kwa Ctrl na Z. Dawa yake ni nidhamu ya kutengeneza nakala ya faili kabla ya kuanza na kuijaribu makro kwenye mistari michache kwanza.

Sasa inasemwa kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa programu za akili unde huandika makro kwa kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Msaada huo ni wa kweli, lakini anayeomba makro lazima ajue hatua za kazi yake na mpangilio wake, na anayeipokea lazima aweze kuisoma kabla ya kuiruhusu iguse mishahara ya watu au alama za wanafunzi. Kwa sababu hiyo ninatoa wito kwa wakuu wa ofisi na walimu wa kompyuta. Fundisheni mikato kumi ya msingi kabla ya mapambo ya hati, mkawaonyeshe wafanyakazi na wanafunzi kitufe cha kurekodi makro bila kuwatisha kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. Na wewe msomaji, chagua kazi moja unayoirudia kila wiki, iandike hatua kwa hatua kwenye karatasi, kisha uirekodi. Makatibu muhtasari wa mwaka 1978 walifanya kazi ngumu kuliko hiyo kwa zana duni kuliko zako, na waliiweza.