Wu na Yue: Tarehe ya Majirani Wawili

Wu na Yue zilipakana kusini-mashariki mwa Uchina, upande wa mlango wa mto Yangtze. Makao ya Wu yalikuwa palipo Suzhou leo. Ya Yue yalikuwa Kuaiji, ndiyo Shaoxing ya sasa.

Mwaka 496 K.K. mfalme wa Yue alifariki, akarithiwa na mwanawe, Goujian. Helü wa Wu akaona msiba wa jirani ndiyo nafasi yake, akaenda kumpiga. Huko Zuili, Goujian alitanguliza wahalifu. Wakajipanga safu na kujikata shingo wenyewe machoni pa adui. Wu wakiwa wameduwaa, Yue wakawavamia. Helü alijeruhiwa kidole gumba cha mguu, akafa njiani akirudi.

Mwanawe, Fuchai, aliweka mtu uani. Kila akipita, mtu huyo humwuliza kama amemsahau aliyemuua babake, naye hujibu kwamba hathubutu kusahau. Mwaka 494 K.K. akalipa kisasi: Goujian alikimbilia mlima Kuaiji na watu 5,000 tu. Wu Zixu, mshauri mkongwe, alitaka Yue imalizwe palepale. Bo Pi, waziri aliyekwisha kula rushwa ya Yue, akashauri msamaha. Fuchai akasamehe, kana kwamba yaliyopita si ndwele. Yule mtu wa uani hatajwi tena.

Goujian naye, aliporudi kwao, alitundika nyongo karibu na kiti chake, akawa anailamba kila anapokula. Wasimulizi wa baadaye wamemwongezea na kitanda cha kuni. Mimi naona nyongo yatosha.

Mwaka 484 K.K. Wu Zixu alipelekewa upanga na Fuchai ajiue. Aliagiza macho yake yawekwe kwenye lango la mji, ayaone majeshi ya Yue yakiingia. Miaka miwili baadaye, Fuchai akiwa mbali kaskazini, Huangchi, akigombea ukubwa na dola ya Jin, Yue wakaingia Wu na kumkamata mrithi wake. Mwaka 473 K.K. Wu ikafutika. Fuchai alijiua, husimuliwa kwamba alijifunika uso, akiona haya kukutana na Wu Zixu ahera.

Upanga wa Goujian ulichimbuliwa mwaka 1965 mkoani Hubei, mbali na kwao, katika kaburi la Chu, dola iliyokuja kuimeza Yue. Jina lake bado linasomeka.