Kunoa picha, au kukoleza kingo?

Kitufe cha "kunoa" kwenye programu za picha kinaahidi kupita kiasi. Chukua picha za moto wa Sachangwan, nchini Kenya, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipoanguka kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret na zaidi ya watu 100 wakafa. Ukiskani ukurasa wa gazeti la siku zile na kuunoa, kompyuta haifichui uso wowote ndani ya moshi. Hutengeneza nakala yenye ukungu, huilinganisha na picha ya awali, kisha huizidisha tofauti: upande mweusi wa ukingo huzidi weusi, mweupe huzidi weupe. Ukipitiliza, bega la mtu huzungukwa na mstari mweupe, na vitone vya wino hutoka kama upele.

Wapo watakaosema kisu nacho hakiongezewi chuma kinaponolewa, hivyo neno linafaa. Sawa, lakini kisu kilichonolewa hukata kweli. Picha iliyonolewa huonekana kali tu. Wengine watatetea kazi yenyewe: skana huilegeza picha, na karatasi ya gazeti hunyonya wino, kwa hiyo lazima kunoa. Hilo nalikubali, mradi lifanywe mwisho, picha ikishafikia ukubwa wa kuchapwa. Lakini kazi hiyo iitwe kukoleza kingo. Mhariri akiambiwa kingo zimekolezwa, hatathubutu kumtaja marehemu kwa jina akitegemea mistari iliyotiwa na mashine.